Vuli Ikitangazwa, Tuisome Vipi?

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri kwa watendaji wa kata na vijiji, maafisa ugani na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo



Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa mvua za vuli, nami ninazungumza katika juma ambalo utabiri wenyewe haujatangazwa. Ratiba imepangwa hivyo kwa makusudi. Kila mwaka, kuelekea mwishoni mwa Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba. Ukishatoka, redio zitausoma, simu zitausambaza, na baada ya siku tatu kila mmoja atakuwa na tafsiri yake. Ni heri tukae sasa, kabla maneno hayajafika, tukubaliane yatakuwa na maana gani yatakapofika.

Nianze na asili ya utabiri huo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtaalamu mmoja hukaa Dar es Salaam akatazama mawingu. Wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kila msimu kupitia kituo cha hali ya hewa cha ICPAC, chenye makao yake karibu na Nairobi, wakalinganisha vipimo na mahesabu yao. Kinachotazamwa zaidi kwa ajili ya vuli ni bahari. Katikati ya Bahari ya Pasifiki maji yakipata joto kuliko kawaida, hali hiyo huitwa El Niño. Yakipoa, huitwa La Niña. Karibu zaidi nasi ni Bahari ya Hindi. Upande wake wa magharibi, yaani huku Afrika Mashariki, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu mwingi husukumwa kuja kwetu na vuli hunona. Mambo yakigeuka, vuli hukonda. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ambazo wazee wetu bado wanazihusisha na Uhuru, zilitokana zaidi na hali hiyo ya Bahari ya Hindi, na maji yake yaliendelea kuliinua Ziwa Victoria hadi 1964. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba El Niño ipo, basi mafuriko lazima, mwulize Bahari ya Hindi inasemaje.

Sasa nije kwenye jambo linalotupotosha kila mwaka. Utabiri husomwa kwa kanda. Hutajwa nyanda za juu kaskazini mashariki, ambazo ni Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Hutajwa pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Dar es Salaam, Pwani, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba. Kisha hutajwa ukanda wa Ziwa Victoria, ambamo tumo sisi wa Shinyanga na Geita, pamoja na Kagera, Mwanza, Simiyu na Mara. Vyombo vingi vya habari viko Dar es Salaam, nalo ni jambo la kawaida kwamba habari itakayopewa uzito ni ya pwani. Msikilizaji wa Segese au Nyang'hwale husikia kuwa pwani ya kaskazini itapata mvua chache, naye akaahirisha kuandaa shamba. Au husikia tahadhari ya mafuriko ya Tanga akaogopa bure.

Hata hayo majina ya majira, masika, vuli, kusi, kaskazi, ni maneno ya watu wa mwambao. Waliyapima kwa pepo za bahari na kwa safari za majahazi. Tumeyaazima, nasi tunayatumia vizuri, lakini mvua yetu haikusoma kamusi hiyo. Kule mwambao, kati ya vuli na masika huwa na kiangazi kinachoonekana wazi. Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba, hupungua Januari na Februari, kisha hurudi Machi na Aprili. Na kadiri unavyoshuka kusini, kuelekea Ushetu na mpaka wa Tabora, ule upungufu wa katikati hufifia hadi mtu akaona msimu mmoja mrefu. Tabora wao hutabiriwa katika kundi la mikoa ya mvua za msimu, zinazoanza Novemba hadi Aprili, na utabiri wao hutolewa baadaye. Ushauri wangu kwa watendaji wa kata za kusini ni huu: msikilize utabiri wa vuli wa ukanda wa Ziwa, kisha msizime redio, msikilize na ule wa msimu. Ninyi mko mpakani, na mpaka wa mvua haukuwekwa vigingi.

Neno la pili linalotupotosha ni "wastani". Mkulima mmoja aliniuliza: "Afisa, wanasema wastani hadi chini ya wastani, sasa nipande au nisipande?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu linaanzia kwenye kipimo. Kwa TMA, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiwango cha muda mrefu cha eneo husika. Ikizidi asilimia 125 huitwa juu ya wastani; ikipungua chini ya asilimia 75 huitwa chini ya wastani. Tuseme mahali fulani kwa kawaida hupata milimita 400 katika miezi hiyo mitatu. Akipata 300, huo ni wastani. Akipata 500, nao ni wastani. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mpunga kujaa katika majaluba au kukaukia humo humo. Wastani si ahadi ya mavuno.

Isitoshe, hiyo ni jumla ya miezi mitatu. Haisemi mvua itagawanyika vipi. Milimita 300 zinaweza kunyesha kwa utulivu kila baada ya siku kadhaa, na zinaweza kuja kwa vishindo vinne huku katikati jua likichoma majuma matatu. Utabiri wa msimu hueleza pia lini mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu; sehemu hiyo ndiyo muhimu kwa mkulima, nayo ndiyo redio huikata kwa kukosa muda. Someni taarifa nzima. Maafisa ugani, hili ni lenu: mvua ya kwanza ya Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni, inayolowesha vumbi na kuamsha kumbikumbi, mara nyingi ni mvua ya nje ya msimu. Mwenye mbegu ya kununua akipanda siku hiyo, anaweza kununua mara ya pili. Ardhi ya luseni hukauka ndani ya siku chache. Udongo mweusi wa mbuga huhifadhi maji, lakini hupasuka jua likizidi. Ushauri wa kijiji kizima kwa tangazo moja haufai; hata ndani ya kitongoji kimoja mashamba hutofautiana.

Kwa wafugaji nina maneno machache, kwa sababu wao wana utaratibu wao uliokwisha kupimwa. Mkoa wa Shinyanga ulijifunza thamani ya ngitili upya kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, baada ya miti kukatwa na ardhi kubaki uchi. Utabiri ukitoka wa chini ya wastani, kamati za ngitili zikutane mapema, ziamue sehemu ipi ifunguliwe na ipi ibaki hadi Desemba. Mwenye mifugo mingi auze michache wakati bado ina nyama. Na kaya zenye viazi zisiuze michembe na matobolwa yote kwa bei ya Agosti.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nikae zaidi kwenye machimbo, maana huko ndiko tangazo la mvua halifiki. Tumezoea kudhani hali ya hewa ni habari ya wakulima. Tangazo linapokuja tunalipeleka kwa afisa kilimo, linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na wajibu unahesabiwa umetimizwa. Mchimbaji hasomi ubao ule. Yuko kwenye rashi, amehamia juma lililopita kutoka wilaya nyingine, hayumo katika daftari la mkazi yeyote.

Turudi kwenye mwaka ambao utabiri ulitolewa mapema na ukatimia. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba maeneo mengi yenye misimu miwili yangepata vuli ya juu ya wastani, kwa sababu ya El Niño. Mvua zikanyesha. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliishukia Katesh, wilayani Hanang, yakaua watu zaidi ya 80. Mvua zikaendelea kuvuka Desemba. Tarehe 13 Januari 2024, hapa kwa majirani zetu wa Bariadi, mkoani Simiyu, mgodi mdogo wa Ng'alita ukaporomoka na kuua watu 22. Taarifa zilizotolewa baada ya ajali hiyo zilieleza kwamba eneo lile lilikuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua zilizokuwa zikiendelea. Utabiri wa msimu ulikuwapo, na katazo lilikuwapo. Watu waliingia.

Ni rahisi kusema walikaidi. Mimi sioni kwamba neno hilo linatosha. Kijana wa duara kwa kawaida halipwi mshahara. Hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Siku asiposhuka, hana mfuko. Asipokuwa na mfuko, mama lishe hamwongezei deni. Mwenye duara amekopa fedha za pampu na matimba, naye anadaiwa. Katazo lisilosema watu hao watakula nini siku tatu za mvua litavunjwa usiku, na usiku ndiyo saa mbaya zaidi ya kuwa chini. Kwa hiyo ninaomba wenye leseni na viongozi wa vikundi mliomo humu mkubaliane kabla ya Oktoba, kwa maandishi, mambo mawili: nani ana mamlaka ya kufunga maduara mvua ikinyesha, na chakula cha siku za kufungwa kitatoka mfuko upi. Vikundi vinavyoweza kukata fedha za dizeli kabla ya mgawo vinaweza kukata na za unga. Afisa Madini Mkazi anaweza kutoa amri ya kufunga, lakini hawezi kukaa kwenye mdomo wa kila duara.

Kuhusu nguvu ya maji, tupige hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila meta moja ya mraba. TMA huiita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Chukua kieneo cha meta 20 kwa meta 20 kinachoteremkia kwenye mdomo wa duara, na tuseme ardhi imekwisha kushiba kwa mvua za siku zilizotangulia, hainywi tena. Milimita 50 zitamwaga hapo lita 20,000, sawa na mapipa 100. Huo ni mteremko mdogo mno, mdogo kuliko kiwanja cha mpira wa kikapu. Mfereji wa kukinga maji na tuta kuzunguka mdomo wa duara ni kazi ya siku moja ya watu wanne wenye majembe, na wakati wake ni sasa, ardhi ikiwa kavu.

Maji yenyewe si hatari pekee. Udongo ulioshiba huwa mzito na hulegea. Matimba yaliyokaa kiangazi kizima yakilika na mchwa huelemewa. Maduara ya zamani yaliyoachwa wazi hujaa yakawa matangi yaliyofichika, na ukuta kati ya duara bovu na duara zima ukipasuka, maji huja kwa ubavuni, si kwa juu. Mererani, Machi 2008, mvua kubwa ziliingia katika mashimo ya tanzanaiti na kuua makumi ya wachimbaji. Hivyo kusimama kwa mvua hakutoshi kuwa ruhusa ya kushuka. Ajali hutokea hata asubuhi yenye jua, baada ya usiku wa mvua. Ukaguzi wa matimba na wa kuta ufanyike kwanza, na afanye mtu ambaye mgawo wake hautegemei jibu.

Kwa wenye mialo na mitambo ya kuchenjulia: mabwawa yenu ya topesumu na mashimo ya marudio yaachiwe nafasi ya kupokea mvua. Bwawa lililojazwa hadi ukingoni mwezi Septemba litamwagikia kwenye majaluba ya jirani mwezi Novemba, likiwa na zebaki na sayanidi ndani yake, na hapo hatutakuwa tunajadili hali ya hewa tena.

Nimesema utabiri wa msimu hautaji usiku mmoja. Hapa kwetu mfano wake hauhitaji kutafutwa mbali. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kata ya Mwakata, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliangusha nyumba za tope zikiwa na familia ndani. Watu zaidi ya 40 walifariki dunia. Hakuna utabiri wa miezi mitatu, uwe wa wastani au wa chini ya wastani, ungeweza kuutaja usiku ule. Hata mwaka mkame unaweza kuwa na usiku wa namna hiyo. Ndiyo sababu ya kuwapo taarifa za kila siku na za siku tano, ambazo TMA huzipa madaraja matatu kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Utabiri wa msimu hukusaidia kuchagua mbegu na kuchimba mfereji. Taarifa ya rangi hukwambia leo usishuke, leo usivue, leo watoto wasilale chini ya ukuta wenye ufa.

Kwa wavuvi wa upande wa Geita niongeze hili. Ziwa Victoria lina mwenendo wake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani, na mawingu ya radi hujengeka juu ya ardhi alasiri. Usiku mambo hugeuka: ziwa hubaki na joto, upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya maji kutoka pande zote, na dhoruba huzaliwa huko kuelekea alfajiri, saa ambayo mitumbwi ya dagaa iko mbali na ufuko. Anga safi ya jioni ukiwa mwaloni haikupi habari za saa kumi usiku.

Na radi. Oktoba 2018, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, radi iliua wanafunzi katika shule moja ya msingi mkoani Geita. Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na walimu wakuu wanapaswa kujua kwamba watoto hawatakiwi kuachwa uwanjani wala chini ya mti ngurumo zikianza. Ninyi watendaji mna kazi ya ziada ambayo haimo katika kitabu cha TMA. Baada ya kila tukio la radi, katika baadhi ya vijiji vyetu, huanza minong'ono kuhusu nani kaituma. Minong'ono hiyo imekwisha kuwagharimu wazee wetu, hasa akina bibi, maisha yao. Mtendaji afike kwenye msiba siku ileile, aeleze jinsi radi inavyotokea, na aeleze mbele ya watu wote, si pembeni.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, ila tunaposubiri mawingu tunakuwa tumebakiza saa mbili, na kazi nilizozitaja zinahitaji siku na majuma.

Nimalizie kwa njia ya kupitishia habari. Kitengo cha Mawasiliano kitapokea taarifa ya TMA na kuituma kwa simu. Hilo tunalimudu. Tusilolimudu ni hatua ya mwisho, kutoka kwenye simu ya mtendaji wa kijiji hadi kwa kijana aliyeko meta 40 chini ya ardhi, mahali ambapo simu haishiki. Kwa hiyo kila kundi la maduara litoe majina mawili: mtu wa juu atakayepokea ujumbe mchana na usiku, na msaidizi wake. Ishara ya kutoka chini iwe moja kwa eneo zima, kengele au chuma kinachogongwa, ijaribiwe mara moja kabla ya Oktoba watu wakiwapo. Ujumbe utaandikwa kwa Kiswahili chepesi, na watangazaji wa vijijini wautamke kwa Kisukuma pia panapohitajika. Utakuwa na mambo matatu tu: rangi, muda, na kinachotakiwa kufanywa. Hatutatuma picha za ramani zisizosomeka kwenye simu ndogo.

Naomba pia kila shule ya msingi na kila chama cha ushirika chenye kipima mvua kianze kuandika kipimo kila siku saa tatu asubuhi, na kisikose hata siku isiyo na mvua. Sifuri nayo ni kipimo. Vituo vya hali ya hewa vilivyo karibu nasi ni vichache, na mvua ya Lunguya si mvua ya Isaka.

Fomu za majina ziko mezani hapo mlangoni. Zijazwe kwa herufi kubwa, namba za simu zihakikiwe kwa kupigwa, na zirejeshwe kabla ya Ijumaa ya juma lijalo. Kwa vikundi ambavyo bado havijaelewana juu ya mfuko wa chakula, Afisa Maendeleo ya Jamii atakuwapo ukumbi wa pili hadi saa kumi jioni.